Kwa Nini Breki Zinalia Tena Baada ya Pedi Mpya

  Nataka tuzungumze juu ya mlio ambao karibu kila mwenye gari la miaka mingi anaufahamu. Ni ule mlio mwembamba, mkali, unaotoka kwenye magurudumu ya mbele dereva anapokanyaga breki kwenye foleni, mpaka watu waliosimama kituoni wanageuka kutazama. Mwenye gari anakwenda gereji, fundi anamwambia pedi zimekwisha, ananunua pedi mpya, zinafungwa, na gari linatulia. Wiki kadhaa zinapita, na mlio unarudi uleule. Sasa nikuulize, msikilizaji: kama tatizo lilikuwa pedi, na pedi zimebadilishwa, kinacholia ni nini? Jibu langu ni kwamba kwenye gari kuukuu pedi mara nyingi inabebeshwa lawama isiyo yake. Mwenye makosa ni kile kinachoishikilia hiyo pedi. Naomba ulibebe neno moja tangu sasa, maana nitalirudia: pedi inatakiwa iwe huru kuteleza, lakini isiwe na nafasi ya kutikisika. Breki nyingi zinazolia ni breki ambazo moja ya masharti hayo mawili limevunjika.

Tuanze na jinsi breki ya diski inavyofanya kazi, kwa ufupi, ili twende pamoja. Kwenye kila gurudumu la mbele kuna diski, sahani nzito ya chuma cha kusubu inayozunguka pamoja na gurudumu. Juu yake imekaa kalipa, na ndani ya kalipa kuna pedi mbili, moja upande wa ndani, nyingine upande wa nje. Ukikanyaga breki, mafuta ya breki yanaisukuma pistoni, pistoni inaisukuma pedi ya ndani iibane diski, na kwa kuwa kalipa nyingi za magari yetu zinateleza juu ya pini mbili, kalipa nzima inasogea na kuivuta pedi ya nje nayo ibane upande wa pili. Hapo pedi na diski zinashikana, zinaachiana, zinashikana tena, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuiona. Umewahi kumtazama mpiga zeze wa Kigogo? Uta unaushika uzi, unauachia, unaushika tena, na uzi unatoa sauti. Breki inayolia inafanya jambo hilohilo. Mtikisiko wake unafika maelfu ya mara kwa sekunde moja, na bahati mbaya ni kwamba sikio la mwanadamu linasikia kwa ukali zaidi katika eneo hilohilo. Ndiyo maana mlio wa breki unachoma hata ukiwa mdogo. Lakini angalia vizuri: kushikana na kuachiana huko kupo kwenye kila breki, hata ile iliyotoka kiwandani jana. Tofauti ni kwamba kwenye gari jipya pedi imekaa imara katika nafasi yake, ina kibati chembamba mgongoni kinachomeza mtikisiko, na ina klipu za chuma kisichoshika kutu zinazoituliza pande zote mbili. Mtikisiko unazaliwa na kufa palepale. Kwenye gari la miaka ishirini, vitu hivyo vimelegea, vimeliwa na kutu, au vilitupwa zamani na mtu aliyeona havina kazi.

Kabla ya kwenda mbali, tukubaliane kwamba si kila sauti ni ugonjwa. Kwa wale walioko Tanga, Mombasa, Unguja na pwani yote, asubuhi baada ya usiku wa mvua breki zinaweza kukwaruza mara mbili tatu na kunyamaza. Hiyo ni kutu nyembamba iliyoota juu ya diski usiku kucha, na pedi zinaifuta zenyewe. Iache. Kuna sauti ya pili, ambayo ni mlio wa makusudi kabisa. Pedi nyingi zimewekewa kiulimi kidogo cha chuma kinachogusa diski pale nyama ya pedi inapobaki kama milimita mbili au tatu. Mara nyingi utausikia gari linatembea tu, na pengine ukikanyaga breki unabadilika au unakatika. Kiulimi hicho kimewekwa kikuambie muda umefika, kwa hiyo badilisha pedi bila kuchelewa. Sauti ya tatu si mlio tena, ni kusaga: chuma juu ya chuma, pamoja na mtetemo unaousikia mguuni. Hapo nyama ya pedi imekwisha na bati lake linaila diski. Gari hilo lisitembee tena mpaka litengenezwe. Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya sauti ya nne: pedi bado zina nyama, diski haijaharibika kwa kuitazama, lakini kila ukikanyaga breki taratibu, hasa ukikaribia kusimama, gari linapiga kelele.

Ushahidi wa ninachosema unapatikana wapi? Unapatikana kwenye pedi zilezile kuukuu ambazo fundi anazitoa na kuzitupa kwenye ndoo. Usimruhusu azitupe kabla hujaziona. Zipange mezani, ya ndani na ya nje, za kulia na za kushoto, uzisome. Kama pedi ya ndani imeisha sana na ya nje bado ni nene, maana yake kalipa haitelezi: pistoni inaisukuma pedi ya ndani peke yake, na ya nje haivutwi inavyotakiwa. Pini zimekauka grisi au zimeshika kutu. Kama pedi moja imelika kimshazari, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, huenda pini moja imekwama na nyingine inatembea, au sikio la pedi, yaani ncha yake ya pembeni, limebanwa ndani ya breketi, kile chuma kinachoishikilia pedi. Kama pedi zote mbili za gurudumu la kulia zimeisha na za kushoto bado, shaka inahamia kwenye pistoni isiyorudi, au kwenye mpira wa mafuta uliovimba kwa ndani na kuziba njia. Na kama uso wa pedi umekuwa mgumu na unang'aa kama kioo, pedi hiyo imeungua; ilikuwa inagusa diski muda wote, hata wakati mguu wako ulikuwa mbali na breki. Unaona, msikilizaji? Katika mifano hii yote pedi imebeba alama za kosa lililofanyika mahali pengine. Ukiweka pedi mpya kwenye breketi ileile yenye kutu, juu ya pini zilezile zilizokauka, pedi mpya itasukumwa vibaya kama ile ya zamani, itaungua kama ile ya zamani, na italia kama ile ya zamani. Zile wiki chache za ukimya ni muda tu wa pedi mpya kufikia hali ya ile iliyotangulia.

Naijua hoja ambayo wengi wenu mnayo mdomoni. Mtaniambia: tatizo ni pedi za bei rahisi, nunua pedi halisi za kampuni, kelele zitakwisha. Hoja hii ina nguvu, na hata historia inaiunga mkono kwa kiasi. Frederick Lanchester, mhandisi wa Uingereza, alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, na breki zake zilikuwa na viganda vya shaba vilivyobana diski ya chuma. Zilipiga kelele kali mno. Nafuu ilikuja miaka michache baadaye, pale Herbert Frood alipotumia asbestosi kwenye sehemu inayobana. Kwa hiyo ni kweli kwamba kitu kilichotumika kutengeneza pedi kinaweza kuleta mlio au kuuondoa. Pedi yenye vipande vingi vya chuma ndani yake hulia kuliko pedi laini, na pedi duni, ngumu kama jiwe, inaweza kulia hata ikifungwa na fundi bora kuliko wote. Sibishani na hilo. Ila tazama pedi nzuri inakuja na nini ndani ya boksi lake. Mara nyingi inakuja na vibati vya mgongoni na klipu mpya. Yaani hata anayezitengeneza anakuambia kwamba pedi peke yake haitoshi. Fundi anapoziacha klipu hizo kwenye boksi, na kuifunga pedi ya gharama kubwa kwenye breketi iliyojaa kutu, umenunua kitu kizuri na kukinyima nafasi ya kufanya kazi. Narudia: huru kuteleza, bila nafasi ya kutikisika. Pedi halisi nayo inayataka masharti hayo.

Hoja nyingine inatoka kwa mafundi wenyewe. Watasema, mbona tukizipiga msasa kelele zinaisha? Ni kweli zinaisha. Msasa unaondoa ile ngozi ngumu inayong'aa, pedi inapata uso mpya wenye kukwaruza kidogo, na mlio unakatika. Hata kukata kidogo zile kingo za mbele na nyuma za pedi kunasaidia. Viwanda vyenyewe hutoa pedi zilizokatwa hivyo. Lakini ngozi ile iliota kwa sababu ya joto, na joto lilitokana na pedi iliyokuwa haiachii diski. Msasa haugusi pini wala breketi. Baada ya siku chache joto lilelile linaotesha ngozi ileile. Na kwa kuwa msasa unatoa vumbi, hapa naomba niseme jambo kwa uzito wake. Usikubali mtu apulize vumbi la breki kwa hewa ya kompresa, na usilipulize kwa mdomo. Baadhi ya pedi, hasa za zamani au zisizojulikana zimetoka wapi, zinaweza kuwa na asbestosi, na vumbi la asbestosi linaleta kansa ya mapafu. Hata vumbi lisilo na asbestosi si kitu cha kuvuta. Lowanisha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa kibichi, kitupe. Vijana wanaojifunza kazi kwenye gereji zetu ndio wanaokaa karibu na vumbi hilo kutwa nzima, na hakuna anayewaambia.

Yupo pia msikilizaji anayesema: gari langu linashika breki vizuri kabisa, kelele zina ubaya gani? Swali hili ndilo linalonigusa zaidi. Pini iliyokwama inayosababisha mlio ndiyo hiyohiyo inayoifanya pedi ibaki imegusa diski. Mjini, kwenye foleni, hutaona chochote zaidi ya petroli au dizeli kuisha haraka kidogo na rimu moja kuwa na joto kuliko mwenzake. Lakini lipeleke gari hilo kwenye mteremko wa Kitonga kule Iringa, au Sekenke kule Singida, au ushuke kuelekea Mai Mahiu kule Kenya, familia imo ndani na mizigo iko nyuma. Diski iliyokwisha kupata moto kabla hujaanza kuteremka inapata moto zaidi. Joto linapenya kwenye pistoni, linaingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzijoto 205, lakini yakishanyonya maji, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga, mguu unazama, gari haliitiki. Sisemi kwamba kila breki inayolia itafika huko. Nasema kwamba mlio ulikuwa umekupa taarifa mapema, gari likiwa bado linasimama, na matengenezo yakiwa bado ni grisi kidogo na brashi ya waya.

Na gharama je? Wengine wanasema, kusafisha breketi na pini ni kazi ndefu, fundi atadai pesa zaidi, afadhali pedi tu. Tupige hesabu bila kutaja bei, kwa maana bei za spea Gerezani si za Arusha wala za Kirinyaga Road kule Nairobi. Pedi za mbele zinauzwa nne pamoja. Pedi moja ya ndani ikiisha mapema kwa sababu ya pini iliyokwama, unazitupa zote nne, na tatu kati yake huenda zina nusu ya nyama yake. Ukirudia hivyo mara mbili, umelipia seti nzima ya ziada, na diski nayo imeanza kulika mtaro. Kwa upande wa pili, grisi ya pini na raba mbili za kuzuia vumbi ni vitu vya bei ndogo, na kusafisha vizuri kunaongeza kama saa moja kwenye kazi ambayo gurudumu lilikuwa limeshafunguliwa hata hivyo. Mlipe fundi kwa saa hiyo, na mlipe vizuri. Mafundi wengi wanaruka hatua hii kwa sababu wateja wamewazoesha kulipwa kwa pedi iliyofungwa, si kwa kazi iliyofanywa.

Basi kazi yenyewe iweje? Nitaieleza ili hata kama hufungi mwenyewe, ujue cha kuuliza. Nati za gurudumu zilegezwe kidogo gari likiwa chini, magurudumu ya nyuma yawekewe vigingi, gari liinuliwe kwa jeki, kisha likalishwe juu ya stendi. Mtu asifanye kazi chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Kalipa ikifunguliwa itundikwe kwa waya, isiachwe ining'inie kwenye mpira wa mafuta. Pini zitolewe moja moja, zifutwe hadi zing'ae, zipakwe grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida, ile ya beringi, inavimbisha raba, na raba iliyovimba inaikamata pini upya. Kosa hili ni la kawaida sana kwenye gereji zetu. Pini zirudi kila moja mahali pake, maana kwenye baadhi ya magari ya juu na ya chini hazifanani. Kisha ije kazi ya jasho, breketi. Chini ya klipu kutu huota na kuvimba, ikaisukuma klipu ndani mpaka pedi inabanwa masikio. Klipu zing'olewe, kutu isuguliwe kwa brashi ya waya na tupa mpaka chuma kionekane, klipu mpya ziwekwe. Sasa jaribu pedi kwa mkono: ikiingia kwa vidole bila nyundo, na isichezecheze ikishaingia, breketi imepona. Ikihitaji nyundo kuingia, imebanwa, na itaungua. Pistoni irudishwe ndani polepole kwa klampu, huku mtu akitazama kopo la mafuta ya breki lisifurike, kwa kuwa mafuta hayo yanabambua rangi ya gari. Wenye magari ya diski za nyuma zenye breki ya mkono ndani ya kalipa wajue kwamba pistoni nyingi za aina hiyo huzungushwa, hazisukumwi tu. Mgongo wa pedi na masikio yake yapate grisi nyembamba ya kuhimili joto. Uso wa pedi usiguswe na grisi hata chembe, na diski ifutwe mafuta yote.

Diski yenyewe isisahaulike. Kwenye diski nyingi kumeandikwa unene wa chini unaoruhusiwa, kwa milimita, ipimwe. Ikiwa chini ya hapo, haikerezwi, inabadilishwa, na zibadilishwe mbili kwa pamoja, kulia na kushoto. Ikiwa bado nene lakini imeota ukingo nje, pedi mpya itaugusa ukingo huo na kulia, hata kama pini zinateleza vizuri.

Kila kitu kikifungwa, kuna jambo moja lisilosubiri: breki ikanyagwe mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka mguu ukutane na ugumu. Pistoni ilirudishwa nyuma, na mkanyago wa kwanza utazama wote. Afadhali uzame uani kuliko langoni. Halafu pedi na diski zizoeshwe. Tafuta barabara iliyo tupu, nenda kama kilomita hamsini kwa saa, punguza kwa breki hadi kama kumi bila kusimama, ongeza mwendo tena, rudia mara nane au kumi ukiacha nafasi ya kupoa katikati. Ukimaliza, endesha bila kukanyaga breki sana mpaka zipoe, na usisimame huku umezikandamiza zikiwa za moto. Gari likitoka hapo bila mlio, siku chache baadaye angalia tena nati za gurudumu kama zimekaza. Kama upande mmoja bado unalia, usinunue pedi nyingine. Mwambie fundi apime kama diski inazunguka imenyooka, akague beringi ya gurudumu hilo, na aangalie kama pistoni inarudi baada ya kukanyagwa.